Uzi: Moab, Utah, jangwa la mawe mekundu. Mwezi wa sita lilinikaanga, mwezi wa kumi nikarudi

Mzee wa Deli (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Miaka yote nimekuwa msomaji kimya humu, leo na mimi nimwage yangu. Naishi Salt Lake City, napakia mizigo ghalani zamu ya usiku. Waswahili tupo wengi hapa: Wakongo, Warundi, Wakenya, Wabongo wa kuhesabu. Muulize yeyote kati yetu amefika wapi ndani ya Utah, atakutajia kazini, kanisani au msikitini, na lile duka linalouza unga wa muhogo. Basi. Na huku kuna watu wanapanda ndege kutoka Ujerumani, wanatua uwanja huu huu wetu, wanakodi gari, wanafunga baiskeli nyuma na kutokomea kusini. Nikawa najiuliza, hawa wanafuata nini huko?

Wanafuata Moab. Ni kama kilomita 375 kutoka hapa, saa nne za gari. Unashuka barabara kuu ya I-15 mpaka Spanish Fork, unapanda milima, unapita Price palipokuwa pa wachimba makaa ya mawe, unatokea Green River. Mpaka hapo nchi ni ya kijivu, imechoka, utadhani jivu la jikoni. Ukikata kulia pale Crescent Junction kuingia barabara ya 191, ardhi inaanza kubadilika rangi. Kwanza kama chai ya maziwa, halafu kama tofali, halafu nyekundu ya ngeu kabisa, kuta zimesimama pande zote mbili za barabara.

Mji wenyewe ni mdogo, watu elfu tano na ushee, barabara kubwa moja, uko kando ya mto Colorado. Lakini umekaa katikati ya hifadhi mbili za taifa, Arches na Canyonlands. Arches peke yake ina matao ya mawe ya asili zaidi ya 2,000. Lile linalochorwa kwenye namba za magari ya Utah, Delicate Arch, liko humo.

Mara ya kwanza nilikwenda Juni 2023 na mshikaji wangu wa kazini, Mhaya mmoja asiyejua kunyamaza. Tulitoka kazini saa kumi na moja alfajiri, hatukulala, tukawasha gari. Tumefika mlangoni Arches saa nne kasoro, tunaambiwa: tiketi ya saa yenu iko wapi? Mwaka huo, kuanzia Aprili mpaka Oktoba, kuingia kati ya saa moja asubuhi na saa kumi jioni ilibidi uwe umekata nafasi mtandaoni kwa dola 2, mbali na kiingilio cha dola 30 kwa gari. Hatukuwa nayo, na ya siku ile ilikuwa imekwisha. Tukageuza.

Tukalala garini chini ya mti mjini, tumewasha kiyoyozi, tunasubiri saa kumi. Saa kumi kamili tukaingia kama wafalme. Kwenye dashibodi kipimo kinasoma nyuzi 101 za Marekani, yaani 38 zetu. Mkononi kila mmoja ana chupa moja ya soda. Miguuni mimi nina raba za mtumba zilizokwisha soli, Mhaya kavaa ndala.

Nawahi kazini, naendelea usiku.

Kichwa Ngumu

Dola 30 kuangalia mawe. Mwanza mawe bure, unayaona ukiwa umekaa chooni.

Binti Marafa

😂😂 Kichwa Ngumu muache mwenzio amalize. Mkuu endelea, nimevuta kigoda.

Mnyalukolo wa Kihesa

Ndala jangwani! Hii itaishia hospitali.

Mzee wa Deli

Nimerudi.

Njia ya kwenda Delicate Arch inaanzia kwenye kibanda cha magogo cha mzee mmoja aitwaye Wolfe, askari wa ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, aliyehamia hapo mwaka 1898 na mwanawe kufuga ng'ombe. Nilisimama nikakitazama kile kibanda. Kidogo kuliko jiko la mama yangu. Jirani yake kuna ukuta wa mwamba wenye michoro ya watu wa kabila la Ute, wamechonga wapanda farasi wakifukuza kondoo wa mlimani. Tukapiga picha, tukaanza safari.

Kwenda na kurudi ni kilomita 4.8, na mpando ni kama mita 150. Kwa maandishi hiyo si kitu. Mimi nimekulia Lushoto, nimepanda milima nikiwa na kuni kichwani. Ndiyo maana nilidharau.

Robo ya kwanza ni njia ya kawaida. Halafu njia inakwisha. Mbele yako ni mwamba mmoja mtupu, mpana kama uwanja wa mpira ulioinuliwa upande mmoja, hauna mti, hauna kivuli hata cha kuficha kuku. Unafuata vijirundo vya mawe walivyopanga askari wa hifadhi. Mnajua mkate wa kumimina unavyopikwa, moto chini na makaa umepaliwa juu ya kifuniko? Ndivyo tulivyokuwa. Jua linakupalia juu, na ule mwamba uliokunywa jua tangu asubuhi unakurudishia chini. Nilihisi joto linapenya soli. Mhaya kwenye ndala zake akaanza kutembea kama anayecheza.

Soda iliisha nusu ya mwamba. Ajabu moja ambayo sikuielewa wakati ule: sikuwa na jasho. Hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unajidanganya kuwa mwili uko sawa kumbe unanyauka. Kwetu Tanga ukitoka jasho shati linakwambia. Kule hakuna wa kukwambia.

Tulipofika juu Mhaya akakaa chini, akanyamaza. Mimi nilijua kuna tatizo pale pale, maana hajawahi kunyamaza. Anasema kichwa kinagonga na anataka kutapika. Mimi mwenyewe naona vimulimuli. Akatokea mama wa Kizungu, umri wa mama yangu mzazi, kofia pana, fimbo mbili. Hakuuliza tumetoka wapi. Alituvuta kwenye kijiukuta chenye kivuli cha futi mbili, akatoa maji, akachanganya unga wa chumvi kwenye chupa, akatuamuru tunywe funda moja moja. Akamwagia Mhaya maji shingoni. Akakaa nasi karibu nusu saa. Halafu akasema, "Mnarudi chini sasa hivi, mimi nawafuata nyuma."

Tukarudi. Tao hatukuliona.

Mama Wawili

Jamani huyo mama Mungu ambariki. Sasa mmetembea kote huko mkarudi bila kuliona?

Mzee wa Deli

Bila kuliona dada yangu. Na uchungu wake nitakwambia baadaye.

Bi Mkubwa Maskati

Wanangu, mmenichekesha na mmenitia huruma. Sie huku Oman jangwa ni jirani, watu huenda Sharqiya kulala mchangani wakati wa baridi. Wakati wa joto hatwendi, na anayekwenda haendi mchana. Mabedui hawavui nguo kwa joto, huzidisha: kanzu pana, kilemba, ngozi isione jua. Na maji hunywewa kabla ya kiu. Ukingoja kiu ushachelewa. Tena maji matupu hayatoshi, lazima kitu cha chumvi, na tende mkononi. Vijana mnakwenda na soda! Soda ni sukari tu.

Mzee wa Deli

Shikamoo Bi Mkubwa. Laiti ungekuwa mama mkwe wangu ningeyajua haya mapema.

Kichwa Ngumu

Nina swali, na msinirukie. Nimesoma sehemu kwamba hayo matao yalitobolewa na upepo. Upepo unatoboaje jiwe? Naona chai tupu.

Mzee wa Deli

Kuhusu upepo uko sahihi, kazi yake ni ndogo sana. Kule kituo cha wageni nilikaa saa nzima (mara ya pili, kwa sababu kuna kiyoyozi) nikasoma yote ukutani. Mwenye kosa ni chumvi.

Miaka kama milioni 300 iliyopita hapo palikuwa na bahari iliyofungiwa. Ikakauka, ikajaa, ikakauka, mara nyingi, kila mara inaacha chumvi mpaka likawa tabaka nene mno. Juu yake yakaja matope na michanga ya zama nyingine, yakawa mawe. Sasa chumvi ikilemewa haivunjiki, inatiririka polepole. Chukua ugali wa moto uukandamize kwa sahani, uone unavyofurika pembeni na kuinuka. Ndivyo ile chumvi ilivyofanya, ikayainua mawe ya juu kama mgongo wa nyangumi, yakapasuka nyufa ndefu zilizopangana kama vipande vya mkate. Mvua ikaingia kwenye nyufa. Maji yanayeyusha kile kinachoshikilia chembe za mchanga, na msimu wa baridi yanaganda, barafu inatanuka, inasukuma. Vinabaki vikuta vyembamba vimesimama. Kikuta kikimomonyoka katikati au chini, umepata tundu. Tundu likikua, umepata tao.

Wekundu ni kutu tu. Chuma kidogo kilichoingia kwenye mchanga kikapata hewa.

Na kazi bado inaendelea. Kuna tao linaitwa Landscape Arch, upana wake karibu mita 90, jembamba kama ukanda. Mwaka 1991 bamba la jiwe la mita 18 lilidondoka toka chini yake watu wakiwa hapo hapo. Tangu hapo njia ya kupita chini yake ikafungwa. Agosti 2008 jingine, Wall Arch, lilianguka usiku, watu wakaamka wakakuta kifusi.

Mnyalukolo wa Kihesa

Sasa hapo ndipo niingie. Wana Iringa tuna Isimila, kilomita kama 20 toka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Nguzo za udongo zimesimama bondeni ndefu kuliko nyumba, na kofia ya jiwe gumu juu. Kanuni ile ile, maji yanachonga, panapokuwa na kofia ngumu nguzo inabaki. Na pale pale kuna zana za mawe za watu wa kale, mashoka ya mkononi, yamelala chini. Watalii wanashuka kwenye basi dakika arobaini wanaondoka. Sisi wenyewe wa Kihesa wengi hatujafika. Nimefika mwaka jana tu, nilisindikiza mgeni.

Binti Marafa

Jina langu mmeshaliona 😊 Kwetu Marafa, juu ya Malindi, bonde lenyewe tunaliita Nyari. Wazungu wameliita Jiko la Jehanamu. Wazee wa Kigiriama husema palikuwa na familia tajiri, ng'ombe hadi wanaoga maziwa, ardhi ikadidimia ikawameza. Nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Ukienda, nenda saa kumi na moja jioni jua likilala, zile kuta zawaka utadhani zina taa ndani. Mchana kule chini ni tanuri, vijana wetu wanaotembeza wageni hawakubali kushuka.

Kwa hivyo Mzee wa Deli, mwezi wa kumi ulirudi na nani? Na Mhaya?

Mzee wa Deli

Mhaya alisema hata akilipwa. Nilirudi na mama watoto, kijana wetu wa miaka tisa, na shemeji yangu wa Pemba.

Safari hii mama watoto ndiye aliyesimamia. Deli kubwa la barafu (ndiyo maana ya jina langu humu, sitaki maswali). Maji lita nne kwa kila kichwa kwa siku, ndivyo hifadhi wenyewe wanavyoshauri. Paketi za ORS, zile zile za kuharisha, tulizitoa Dar kwenye begi la bibi. Karanga za chumvi. Kofia. Viatu vyenye soli ya mpira mzuri. Ule mwamba Wamarekani wameuita telezi kwa sababu farasi wa zamani wenye kwato za chuma walikuwa wanateleza. Kwa mpira mambo ni kinyume, unashika kama msasa. Lakini mvua ikinyesha usiupande: unateleza kweli, na jiwe lenyewe la mchanga likilowa linalegea na kumeguka.

Tuliingia hifadhini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya saa za tiketi. Baridi ya kutetemesha, nyuzi 6 hivi. Tunapanda ule mwamba ulioniua, jua linachomoza mbele yetu, kijana anakimbia mbele. Nikapaona pale tulipokaa na yule mama. Nikawaonesha kile kijiukuta cha kivuli. Kutoka hapo njia inakata kushoto, inapita kwenye ukingo mwembamba uliochongwa ubavuni mwa jabali, mkono mmoja ukuta, mwingine korongo. Tukatembea mita mia mbili hivi, ukuta ukaisha.

Ndiyo, mita mia mbili. Juni tulikuwa mita mia mbili kutoka kwenye tao. Huwezi kuliona mpaka hatua ya mwisho, njia nzima limejificha.

Limesimama peke yake ukingoni mwa bakuli kubwa la mwamba, tupu pande zote, miguu miwili isiyolingana, mmoja umeliwa katikati kama muhindi wa kuchoma. Mita 14 toka chini hadi kwenye dari yake. Nyuma yake ile milima ya La Sal, imepita mita 3,800, na theluji ya kwanza kileleni. Mama watoto ambaye alilalamika tangu Price kwamba tumepoteza mapumziko alikaa chini akavua kofia. Baada ya kimya kirefu akasema, "Baba, na lile tao linashikiliwa na nini?" Nikamjibu sijui. Mpaka leo hilo ndilo analosimulia kanisani, kwamba mume wake hakujua.

Mama Wawili

Nimesisimka. Sasa tuambie ya watoto. Wangu wana miaka minne na saba. Vyoo? Nyoka? Na samahani kwa swali hili, sisi weusi huko porini tunatazamwaje?

Mzee wa Deli

Dada, nianze na la mwisho. Siku mbili tulizokaa tuliona familia nyingine ya weusi moja tu. Macho yapo, siwezi kukuficha. Lakini njiani kila mtu anasalimia, mpaka shemeji akauliza kama wanamjua. Mjini hatukupata shida yoyote. Sisemi kwa niaba ya wote, nasema ya kwetu.

Nyoka wapo, wenye njuga mkiani. Hatukuona. Tuliona mijusi, na kunguru wakubwa mara mbili ya wale wa Dar, wenye tabia zile zile. Mmoja alifungua zipu ya begi la Mjapani akaondoka na andazi lake.

Vyoo vipo kwenye maegesho makubwa, vya shimo, visafi. Ukiingia ndani zaidi ya hapo, sehemu nyingi unatakiwa ubebe mfuko maalumu, ufanye haja humo, uufunge, uurudishe nyumbani. Ndiyo, unausafirisha. Jangwa halina unyevu wa kuozesha, kinyesi kinakaa miaka. Shemeji aliposikia alifunga siku mbili bila nia ya kufunga.

Kwa watoto wako, Delicate Arch acha kwanza kwa yule wa minne. Nenda sehemu inayoitwa Windows, matembezi mafupi, matao makubwa matatu manne kwa pamoja, na Double Arch. Pia Balanced Rock iko kando ya barabara: jiwe la tani elfu tatu na mia sita limekalishwa juu ya shingo nyembamba. Kijana wetu alikataa kupita upande ule lilikoinamia.

Na hili mwambie kila mtoto kabla hajashuka garini. Pembeni mwa njia utaona udongo una ganda jeusi lenye vinundu, kama ukoko wa wali ulioungua. Ukidhani ni uchafu umekosea, uko hai. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho na kuvu, vimefuma nyuzi nata zinazoshika mchanga usipeperuke, vinashika maji, vinarutubisha. Kijana alikuwa anataka kuruka kwenda kumfuata mjusi, askari wa hifadhi akamwita kwa upole, akachuchumaa naye, akamwagia tone la maji kwenye kipande. Kikageuka kijani mbele ya macho yetu, ndani ya muda wa kuhesabu ishirini. Akamwambia nyayo yako moja hapa inaweza isipone kwa miaka kumi, ishirini, au zaidi. Tangu hapo tukitembea yeye ndiye polisi. "Baba, mguu!"

Mwana wa Likasi

Jambo bandugu. Miye niko West Valley, kazi ya hoteli, lakini kwetu ni Likasi, Katanga. Moab nilifika na bandugu wa kanisa, na kitu moja hamusemi. Kuingia muji, kando ya mto, ulikuwa mulima ya udongo, na matrekta, na treni. Niliuliza. Banasema ni mabaki ya uranium.

Nikacheka peke yangu. Shinkolobwe iko pale pembeni ya Likasi. Uranium ya bomu ya 1945, nyingi ilitoka kwetu. Babu yangu alifanya kazi ya mugodi. Nimekimbia mpaka Utah, nakuta uranium imenitangulia.

Mzee wa Deli

Ndugu yangu, umenifunga mdomo. Niongeze nilichosoma: baada ya vita Marekani ilitaka ya nyumbani kwake. Mwaka 1952 mtu mmoja, Charlie Steen, fukara wa kutupwa, akaipata kusini-mashariki ya Moab, mgodi akauita Mi Vida. Mji wa watu kama 1,275 mwaka 1950 ukawa na 4,682 mwaka 1960. Hata njia maarufu ya White Rim kule Canyonlands, kilomita 160 ambazo watu wa baiskeli wanaziotea ndoto, ilikatwa miaka hiyo ya 50 kutafutia uranium. Mlima uliouona ulikuwa kama tani milioni 16, na treni ilianza kuubeba mwaka 2009 kuupeleka Crescent Junction mbali na mto. Sisi tunapiga picha kwenye barabara ya wachimba madini na kusema jangwa halijaguswa.

Mwana wa Likasi

Kwetu hakuna treni ya kubeba.

Dereva wa Lori

Wakuu, nimechelewa lakini nina jambo moja. Hiyo njia naipita kila wiki. Wanaotokea upande wa Nevada kwa I-70: ukitoka Salina mpaka Green River ni kilomita 177 hakuna sheli, hakuna duka, hakuna kitu. Jaza mafuta. Nimeshavuta watu watatu pale. Mtandao wa simu nao unakata, pakua ramani mapema. Na mvua ikinyesha mbali, hata kama juu yako jua linawaka, usikae kwenye mkondo mkavu. Maji yanakuja ghafla kama ukuta.

Kichwa Ngumu

Haya nimekubali mawe. Ukiacha kutembea kwa miguu, kuna nini kingine? Mimi goti langu si zima.

Mzee wa Deli

Umepoa leo 😀 Kuna mto. Colorado ni neno la Kihispania, maana yake wenye wekundu, na kweli maji ni rangi ya chai ya rangi iliyotiwa matope. Tulipanda boti ya kupulizia kwenye kipande cha mto kinachopita kando ya barabara ya 128, nusu siku, mawimbi ya kukulowesha bila kukutisha. Boya ni lazima. Shemeji mvuvi wa Pemba alimwangalia yule kijana anayepiga makasia, akaomba moja, akapewa. Boti ilikwenda mrama kidogo, sitasema zaidi kwa sababu anasoma humu.

Baiskeli kuna njia ya Slickrock, kilomita 17 juu ya mwamba mtupu, umechorwa vistari vyeupe kama barabara. Ilianzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki. Nilijaribu kipande cha kujifunzia. Mpando wa kwanza nilishuka nikasukuma, mteremko wa kwanza nilishuka nikasukuma. Kwa goti lako achana nayo.

Kwako wewe nashauri Dead Horse Point. Gari linafika mpaka ukingoni. Unaegesha, unatembea hatua chache, mto uko mita 600 chini yako umejikunja kama nyoka aliyeshiba. Inasemekana wachunga farasi waliwafungia farasi pale kwenye shingo nyembamba ya jabali, wakawaacha, wakafa kwa kiu huku wanayaona maji chini. Mimi baada ya Juni hadithi hiyo naiamini bila ushahidi.

Lakini mniulize nini ningerudia kesho, siyo mto wala tao. Tulipiga hema kwenye kambi ya serikali kando ya mto. Nauli ya kulala ilikuwa dola 20, unaweka kwenye bahasha, unatumbukiza kwenye sanduku la chuma, hakuna anayekusimamia. (Bongo hilo sanduku lenyewe lingeondoka.) Tukala wali wa nazi wa kopo, moto ukafa. Kuta pande zote nyeusi, juu mkanda wa anga umejaa. Sijui niseme vipi. Nimekaa mjini muda mrefu nikasahau kwamba nyota zina msongamano. Shemeji alikuwa amelala chali, mara akanyosha kidole mashariki juu ya ukuta: "Kilimia hicho." Kweli, kishada kidogo kinachomoza. Akasema polepole, kama babu yake alivyokuwa akisema pwani: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kijana akauliza, "Mjomba, kile cha Pemba na hiki ni kimoja?"

"Hicho hicho. Huku kimeinamia vibaya tu."

Binti Marafa

Hapo kwa mjomba nimetoa chozi. Weka picha basi, uzi bila picha haunogi.

Mzee wa Deli

Picha za nyota simu yangu imetoa weusi mtupu na kidole cha shemeji. Za mchana nitapandisha nikitoka kazini.

Kwa walionifuata inbox: tunarudi mwishoni mwa mwezi, watu wa Salt Lake na Provo. Tunaondoka Ijumaa usiku saa sita, gari lina nafasi mbili. Mafuta tunachangia. Sharti ni lita nne za maji kila mtu, nitazikagua mwenyewe mlangoni, na mtu asije na ndala. Hakikisheni kwenye tovuti ya hifadhi kama tiketi za saa bado zipo, maana utaratibu wanaubadilisha.

Kichwa Ngumu

Mimi niko Provo. Niwekee moja, ya mbele, kwa ajili ya goti.

Mzee wa Deli

Kumbe Provo! Na ulikuwa unatutajia Mwanza. Sawa, ya mbele yako. Deli utakaa nalo mapajani.